Uliacha kununua mafuta ya lita

Godoro langu limeshapata mwenyewe. Jiko la mkaa lina wagombea watatu. Jerikeni zangu mbili za njano zilibebwa juzi na jirani aliyesema anaziazima tu, nami nikanyamaza kwa kuwa sote wawili tunajua. Zimebaki siku tisa niondoke Nakivale, na chumba kimeanza kutoa mwangwi nikikohoa.

Kwa ambao hatujajuana: mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mtu wa Tanga, na huu ni mwezi wa kumi na moja najitolea katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Unashuka basi Mbarara, unatafuta gari la pili, kisha ni vumbi na ng'ombe wa Ankole. Pembe zao ndefu mno. Siku ya kwanza nilipowaona kwa mbali wamesimama kando ya ziwa, mie mtoto wa pwani nilidhani ni majahazi yaliyoshusha matanga.

Makazi haya yamekuwepo tangu kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, yalipoanza kupokea Wanyarwanda. Sasa wapo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na wajukuu wa waliokuja mwanzo. Hakuna uzio. Familia hupewa kipande cha ardhi ijenge na kulima, na sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda watakako. Watu husikia "kambi" wakapiga picha ya mahema. Hapa kuna saluni, kuna mafundi simu, kuna misikiti na makanisa yanayoshindana kwa vipaza sauti, na kuna mama anayekaanga sambusa ambazo zingeuzika hata kwetu Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili.

Mafunzo yangu ya vitendo niliyafanya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Mtanzania akisikia jina hilo hucheka au husogea pembeni. Utotoni tulikuwa tukitishana, "Wewe utapelekwa Mirembe." Basi nilipopita Kampala nikajulishwa kwamba kwa Kiganda "mirembe" ni amani, na kwamba wazazi huwapa binti zao jina hilo kwa furaha kabisa, nilicheka peke yangu hadi dereva akaniangalia kwenye kioo. Waganda nao wana kitisho chao. Kwao ni Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa 1955 huko Kampala. Mtu akifanya jambo lisiloeleweka, huambiwa anatakiwa Butabika. Kumbe kila nchi ina mji wake mmoja wa kutupia aibu.

Kiswahili changu ndicho kilichonileta, maana shirika lilitafuta mtu atakayeongea na Wakongo na Warundi bila mkalimani. Nilikuja na kiburi cha Kitanga, najua lugha. Pigo la kwanza lilikuwa Mbarara stendi. Nilimwagiza kijana rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, chakula ambacho nitakikosa kuliko ninavyothubutu kukiri, nikamwagiza kwa Kiswahili safi. Akasimama wima. "Ndiyo, afande." Kwa watu wa rika la wazazi wake hasa, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wenye bunduki, na kumbukumbu hiyo wamewarithisha watoto. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi, lakini habari hiyo ilikuwa haijamfikia yule kijana. Mayai aliniongezea moja bila kuombwa, na kwa hilo nilijisikia vibaya.

Pigo la pili lilikuwa kliniki. Darasani tulifundishwa neno "sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Nilimuuliza mama mmoja wa Kivu, Kongo, kama amewahi kuambiwa ana sonona, akafikiri kwa adabu, kisha akaniuliza, "Docta, hiyo sonona inaikalaka fasi gani mu mwili?" Nikakosa jibu. Wiki iliyofuata mwingine akaniambia, huku ameshika paji la uso, "Unitoshe hii mawazo." Mie nikasikia kwamba mawazo yamemtosha, yaani amechoka nayo. Nikaanza kumpa pole. Akarudia kwa nguvu zaidi. Mwenzangu Mkongo ndiye aliyeniokoa: kwao "kutosha" ni kutoa. Mama alikuwa anasema, nitolee haya mawazo kichwani, na mimi nilikuwa nampa pole tu kama niko msibani.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza kwa maneno yangu. Afisa wetu wa afya ya akili, Mganda mpole mwenye daftari la kila kitu, alinisimulia kuhusu utafiti uliofanyika Rakai na Masaka mwaka 2002, ambako kabla ya kumtibu mtu huzuni walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanaiitaje. Wakapewa maneno ya Kiganda, mojawapo likiwa na maana ya mtu kujichukia mwenyewe. Tiba ikajengwa juu ya maneno hayo, kwa vikundi, na wenyeji ndio waliokuwa waongozaji. Nami nikaanza daftari langu. Kichwa kinachemka. Moyo umekaa upande. Usingizi unanikimbia. Warwanda wana "ihahamuka", pumzi inapomkatika mtu kwa kumbukumbu. Daftari hilo ndilo kitu pekee ninachokiwekea wasiwasi mpakani, sitaki lilowe.

Jumatano ni siku ya kliniki, na msije mkadhani ni siku ya mazungumzo marefu ya kulia na vitambaa. Foleni kubwa ni ya kifafa. Ndiyo, kifafa, kwa kuwa kwenye vituo vyetu vya afya ugonjwa wa kifafa huhudumiwa na watu wa akili, na dawa iliyopo ikikatizwa siku tatu tu, mtoto anaangukia motoni. Makovu ya moto ya miguuni na mikononi nimeyaona mengi kuliko machozi. Kuna Jumatano dawa hazikuwepo. Sitasema zilikwamia wapi. Nitasema tu kwamba kumwambia baba aliyetembea saa tatu na mwanawe mgongoni kwamba "jaribu wiki ijayo" hakufundishwi chuo chochote.

Na mawazo yenyewe, nusu yake hayatoki vitani. Tangu 2023 mgao wa chakula hutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, na wanaohesabiwa kuwa wanajiweza hawapati kitu. Mtu anaingia kikundini, tunafanya zoezi la kupumua, anapumua vizuri sana, halafu anauliza, "Sasa dada, na chakula?" Mwanzoni niliona swali hilo linanitoa kwenye mada. Siku hizi ndilo ninaloanza nalo.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya kamba. Ni sehemu ya tiba ya kusimulia maisha, nayo ina historia hapa hapa: utafiti uliochapishwa 2008 ulifanyika Nakivale, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, na waliokaa na wagonjwa hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi. Waliopata mazungumzo walipona vizuri kuliko walioangaliwa tu. Unatandaza kamba sakafuni. Mwanzo ni kuzaliwa. Mtu anaweka ua palipo na jema, jiwe palipo na baya, kwa mpangilio wa miaka, bila kusimulia sana kwanza. Mbele ya leo, kamba inabaki imeviringishwa, haikunjuliwi. Kisha siku kwa siku mnarudi jiwe moja moja.

Mawe huku hayana shida. Shida ni maua. Kiangazi kikali nilimwomba bibi mmoja tuchume ya maboga nyuma ya nyumba, akanitazama kama nimemwomba mtoto. "Hilo litakuwa boga, dada." Nikaona aibu. Akainama, akapekua majani, akaniita nione: ua lenye kijibonge chini yake ni jike, hilo huachwa, lenye kikonyo chembamba kitupu ni dume, hilo unaweza kulichuma. Akachuma madume manne. Maisha yake ya miaka sitini na kitu yakapata maua manne, yote madume, na kijibonge hakuna aliyekigusa. (Mengine ya watu nimeyachanganya makusudi ili asitambulike mtu. Ya bibi huyu na ya mzee wa mwisho nimeomba ruhusa.)

Sasa kuaga.

Msimamizi wangu alinionya tangu mwezi wa nane: waambie mapema, wiki nane kabla, na usiwaahidi kurudi. Hilo la pili alilisisitiza. Kabla yangu kulikuwa na mtu wa kujitolea, mwema tu, aliyemwambia kijana fulani "nitarudi Desemba". Yule kijana alihesabu Desemba mbili.

Jaribuni kuaga kwa Kiswahili bila ahadi, mtaona. Lugha yetu haina mlango unaofungika. Kwaheri ya kuonana. Tutaonana. Mungu akipenda. Haya, tupo. Hata mtu anayehama mji kabisa humwambia jirani "narudi sasa hivi", ni adabu, na aliyebaki huitikia akijua. Nilikaa usiku mzima natafuta sentensi isiyo na kuonana ndani yake na isiyo ya ukatili. Kila niliyoiandika ilisomeka kama barua ya kuachishwa kazi. Kwa hiyo, kama wafanyavyo waoga wote, nikachelewa. Wiki nane zikawa saba, zikawa sita.

Wiki ya tano nikasema. Ilikuwa kwenye kikundi cha akina mama, chini ya paa la bati, mvua imetoka kukatika. Nikasema nimebakiza wiki tano, nitaondoka, sitadanganya kwamba najua kama nitarudi. Nikajiandaa kwa kilio. Nilikuwa hata nimeweka karatasi za chooni mkobani.

Mama mmoja, ndiye anayeongea kidogo kuliko wote, akasema, "Tulikuwa tunajua."

"Mlijuaje, mama?"

"Uliacha kununua mafuta ya lita. Sasa unanunua ya kupima."

Wengine wakaongeza. Sabuni ya mche mzima nimeacha, nanunua kipande. Kandambili zangu zimekatika na nimezifunga kwa waya badala ya kununua nyingine. Nilikuwa nimeacha kupanda sukuma wiki mlangoni. Wakazitaja dalili zangu moja baada ya nyingine kama mimi ninavyosoma faili, na yote yalikuwa kweli, na mengine nilikuwa sijayatambua mwenyewe. Hawa wamehama nyumba usiku, wamehamishwa mchana, wameachwa na waume waliosema wanakwenda kutafuta kazi mjini. Mie nilidhani nina siri.

Kisha wakanipanga. Nani atakaa na ufunguo wa chumba cha kikundi, nani atasoma daftari la mahudhurio, mama gani hatakiwi kupewa mchango wa akiba autunze kwa sababu ya mumewe. Wawili kati yao wamefundishwa kuongoza, na watashirikiana na mhudumu wa afya wa kijiji. Watafanya kazi ile ile niliyokuwa nafanya mimi, wanaijua lugha yake, wanajua nani amelala bila kula. Posho yao kwa mwezi ni ndogo kuliko nauli yangu ya basi. Hilo nililiandika kwenye ripoti ya mwisho, kwa herufi kubwa, afisa wangu akanishauri herufi ziwe ndogo. Nimeziacha kubwa.

Jioni hizi nazunguka kuaga nyumba moja moja. Nimekula posho (ndivyo ugali unavyoitwa huku) na maharage mara mbili kwa siku, maana kukataa ni kutukana. Nimepewa kuku hai mmoja, ambaye kwa sheria za shirika siruhusiwi kumpokea na kwa sheria za kuku hakujali, alinifuata. Yupo kwa jirani wa jerikeni.

Aliyenibakia ni mzee.

Huyu ni Mrundi. Mara ya kwanza tulipokutana alinyamaza tu, na mimi nikazungumza na kuzungumza, hadi akasema taratibu, "Binti, kwenu hamsalimii siku hizi?" Kiswahili cha Kigoma kabisa. Nikashtuka. Nikasema shikamoo, mzee. Akaitikia marahaba, akafumba macho kidogo. Huku shikamoo haipo, na nilikuwa na miezi mitatu sijaitikiwa hivyo. Nadhani sote wawili ilitugusa, ila hatukulisema.

Alikimbia Burundi 1993, Rais Ndadaye alipouawa, akaishi kambi ya Mtabila, Kasulu, kwetu Tanzania. Huko ndiko watoto wake walikozaliwa, ndiko alikojifunza kuniuliza salamu. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, wakarudishwa kwao. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, safari hii hakwenda mashariki. Akaja Uganda. Tulipotandaza kamba, aliweka mawe na maua bila kusita mpaka alipofika 2012. Akalichukua jiwe, akalipima kiganjani, akanipa mimi.

"Hili lishike wewe kwanza. Ni la kwenu."

Nikalishika. Mwongozo wangu haukuwa na ukurasa wa jambo hilo. Lilikuwa na joto la mkono wake. Baada ya muda akaliomba, akaliweka mahali pake, tukaendelea. Kabla ya jiwe hilo kulikuwa na ua aliloliweka kwa ajili ya mwembe, alioupanda mwaka aliozaliwa binti yake wa mwisho. Katika vikao vyetu vyote mwembe ule aliurudia kuliko watu.

Juzi nilikuwa nakunja nguo nikaikuta fulana ya kijani ya mdogo wangu, ninayoilalia. Ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Mdogo wangu alipomaliza kidato cha sita alipelekwa mujibu wa sheria, yale mafunzo ya lazima ya JKT, akapangiwa Mtabila, maana ilipokuwa kambi ya wakimbizi sasa ni kambi ya JKT. Jina hilo nimelisikia kwa mzee huyu miezi saba, nimelisikia kwa mdogo wangu akilalamikia jembe na mchakamchaka, na hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Muuguzi wa akili!

Nikaenda na simu. Nikapiga kwa WhatsApp, nikaweka sauti kubwa, mzee akainama kama mtu anayesikiliza redio ya zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pale Mtabila mlikuta miembe?"

"Ipo mzee, mingi tu."

"Kuna mmoja una shina mbili kutoka chini."

Mdogo wangu, Mungu ampe heri, hakudanganya. Akasema mzee, mie sikuangalia mashina, tulikuwa tunalima tu. Ila maembe tulikula, yalikuwa yamejaa nyuzi.

Mzee akaudhika waziwazi. "Hayo siyo yangu! Mimi nilipanda dodo. Dodo gani lina nyuzi?"

Simu ikakaa kimya kidogo. Kisha mdogo wangu akasema, "Basi mzee, dodo walikuwa wanakula wakubwa."

Mzee alicheka hadi mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Akaeleza kwa Kirundi, mke naye akacheka, kisha akamsahihisha kitu kuhusu huo mwembe, wakaanza kubishana ulikuwa upande gani wa kisima. Bando likaisha wakiwa hapo hapo. Nilikuwa nimekwenda na sentensi yangu ya kuaga, nimeikariri njia nzima. Sikupata pa kuiingiza. Nilipoinuka, mzee akanisindikiza hadi barabarani, akasema nimwambie mdogo wangu, akijuana na mtu aliyeko kule bado, wapogoe matawi ya chini kabla ya mvua kubwa.